Kaye ya Yaya

Simu ilikuwa ikilia mfukoni nikiwa mbele ya darasa, chaki mkononi, na kabla ya kuitazama nilishajua ni yaya. Kwetu Kalemie yaya si mlezi wa watoto. Ni dada au kaka aliyekutangulia kuzaliwa, na akikuita unaenda.

"Mudogo, mashini imekataa tena."

Hiyo ilikuwa Novemba 2009, mvua zimeanza. Mji ulikuwa bado ndani ya Katanga, maana jimbo la Tanganyika lilizaliwa 2015. Yaya alikuwa na chumba cha sekretaria karibu na Avenue Lumumba, chumba chenye ufa kwenye ukuta wa nyuma tangu tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005. Humo alipiga barua za kuomba kazi, hati za kuuziana viwanja, mialiko ya harusi, na ikifika Juni, TFC, yaani kazi za kumalizia masomo, za wanafunzi wanaomaliza gradua, kurasa hamsini au sitini kila moja, zilizoandikwa kwa mkono ambao wakati mwingine mwenyewe alishindwa kuusoma. Nyumba yetu ilikula kutokana na mashine hiyo. Mshahara wangu wa ualimu ulikuwa unakuja siku ukitaka kuja.

Ilikuwa Pentium 4 ya mtumba, imeshushwa Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, ikavuka ziwa juu ya magunia. Mwanzoni ilikuwa na Windows, na virusi viliila. Kila mteja alikuja na flashi yake, na kila flashi ilikuja na ugonjwa wake: unafungua folda, folda hazionekani, mahali pake pamekaa majina yaleyale ambayo ukiyabonyeza unazidi kuvisambaza. Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja alitoka Lubumbashi na sidii ya Ubuntu 8.04, mfumo wa Linux, ndani ya bahasha yake ya karatasi ngumu. Canonical, kampuni yenye Ubuntu, walikuwa wakizituma sidii hizo bure duniani kote, na waliendelea hadi 2011. Niliiweka usiku mmoja, na tangu siku hiyo flashi za wateja zikawa zinaingia na kutoka bila kuacha kitu. Niliipenda mno Linux. Niliwaambia walimu wenzangu kwamba nimepata mashine isiyougua.

Kisha ikaanza kuugua.

Yaya alikuwa anafungua saa moja na nusu asubuhi. Siku nyingine mashine iliwaka vizuri. Siku nyingine iliishia kwenye kioo cheusi chenye mistari ya Kiingereza, ikisema imekuta kasoro kwenye diski isizozitarajia, na kwamba programu ya kukagua diski, iitwayo fsck, iendeshwe kwa mkono. Chini yake alama ya kuandikia ilikuwa inapepesa, ikingoja mtu. Yaya hakuwa na la kufanya, ila kunipigia.

Ningeomba ruhusa kwa prefe, mkuu wa shule, nipande pikipiki, nifike nimelowa. Hapo kazi yenyewe ilikuwa mstari mmoja, lakini ulikuwa na mateso yake. Klavye yetu ilikuwa ya Kifaransa, ile inayoanza na A, Z, E, R. Mashine ikiwa haijaamka sawasawa ilikuwa haijui hilo, inadhani ina klavye ya Kimarekani. Kwa hiyo ukitaka kistari ulibonyeza mabano ya kufunga. Ukitaka mkwaju ulibonyeza alama ya mshangao. Ukitaka A ulibonyeza Q. Niliandika amri hiyo mara nyingi hivi kwamba hadi leo vidole vyangu vinaijua hata gizani. Mashine ingekagua, ingejibu ndiyo kwa kila swali lake yenyewe, ningeiwasha upya, ingeamka kama vile hakuna kilichotokea. Nami ningerudi darasani.

Mara ya tatu au ya nne yaya aliniambia neno, nikiwa tayari nimekaa juu ya pikipiki. Alisema, "Mudogo, hii mashini inagonjwaka tu asubui yenye kuran ililala inje." Nilimjibu kwamba ndiyo, umeme mbaya unaharibu diski, kila mtu anajua. Nikaondoka.

Nataka msomaji asimame kidogo kwenye neno hilo, kwa sababu mimi sikusimama. Umeme wetu unatoka Bendera, kaskazini ya mji, kwenye maporomoko ya mto Kiyimbi, na miaka ile ungeweza kukatika saa tatu usiku usirudi mpaka alfajiri. Yaya hakusema umeme unaharibu mashine. Alisema mashine inaugua asubuhi fulani tu, na akazitaja ni asubuhi zipi: zile zinazofuata usiku usio na umeme. Hiyo ni habari kamili. Mimi niliigeuza ikawa mawazo niliyokuwa nayo kabla hajafungua mdomo.

Mawazo yangu yalikuwa haya: diski inakufa. Nilikopa pesa, nikanunua diski nyingine ya mtumba. Wiki mbili baadaye ikawa vilevile. Basi nikaamua kosa ni la programu, na kwamba watengenezaji wake lazima waambiwe.

Jumamosi tarehe 9 Januari 2010 nilikwenda kwenye duka la intaneti lenye dishi la satelaiti juu ya paa, unalipa kwa saa. Ubuntu wana mahali pa kupokea ripoti za hitilafu, panaitwa Launchpad, na mtu yeyote anaweza kuandika, awe fundi au asiwe. Nilitumia saa nzima kujisajili na kuandika kwa Kiingereza changu cha shule. Nakumbuka nilichoandika maana nilikipiga chapa. Nilisema programu yao inaharibu diski. Nilisema ni jambo zito, watu wanapoteza kazi. Nilisema limetokea mara nyingi. Sikusema limetokea lini, baada ya nini, na kioo kiliandika nini hasa. Ilikuwa malalamiko, haikuwa ripoti.

Siku chache baadaye jibu lilikuwepo. Mtu aliyejibu, mmoja wa wale wanaojitolea, alikuwa na adabu. Alinishukuru, kisha akaomba vitu vitatu: maneno kamili yanayotokea kwenye kioo, bila kufupisha, kila nilichofanya tangu kubonyeza kitufe cha kuwasha, na kama tatizo linakuja kila mara au mara fulani tu, basi zipi. Ripoti yangu ikawekwa kwenye kundi la zisizokamilika. Ripoti ya aina hiyo ikikaa siku 60 bila mtu kuigusa, inajifunga yenyewe.

Nilikuwa bado nina dakika nilizolipia, nikazitumia kusoma ripoti za wengine, kuona wao wanaandikaje. Ndipo nikakutana na moja ambayo watu wa Linux wanaijua duniani kote, ile ya printa isiyochapa Jumanne.

Ilifunguliwa 2008. Watu walikuwa wanalalamika kwamba OpenOffice, programu ya kuandikia, imekataa kuchapa, wengine wakisema mbona kwao inachapa, na wote walikuwa wakweli, kwa sababu walijaribu siku tofauti. Kisha mwanamume mmoja akaandika kwamba mkewe analalamika printa haichapi siku za Jumanne. Unaweza kuwaza alivyochekwa mama huyo mara ya kwanza aliposema. Lakini waliofuatilia walikuta amesema kweli tupu. Kabla ya kuchapa, mfumo uliuliza programu moja ndogo, kazi yake kuangalia mwanzo wa faili na kukisia ni faili la aina gani. Programu hiyo ina orodha ndefu ya alama. Katika orodha hiyo kulikuwa na alama ya mafaili ya lugha ya kompyuta iitwayo Erlang, yanayotambulika kwa tarehe nzima ya Januari 1991, siku ya Jumanne. Aliyeiandika alama hiyo hakuzifunga nafasi kati ya maneno, kwa hiyo programu ilisoma neno la kwanza tu na kuishia hapo: herufi tatu, "Tue", ufupisho wa Jumanne kwa Kiingereza. Na OpenOffice iliandika tarehe ya leo mwanzoni mwa kila faili la kuchapa. Jumatatu faili lilipita. Jumanne, kwenye nafasi ileile, lilikuwepo "Tue". Programu ikasema hili si faili la kuchapa, hili ni la Erlang, na printa iliyotegemea jibu hilo ikanyamaza.

Nilikaa mbele ya kioo mpaka mwenye duka akaja kuniambia muda umekwisha. Sikuwaza hitilafu, ingawa ni nzuri ajabu. Nilimuwaza yule mama. Mafundi wangeweza kuifungua printa wakaitoa skrubu zote wasione kitu. Aliyejua ni yule aliyekuwa anataka kuchapa, kila siku, siku zote za juma. Na mimi nilikuwa nimemwacha wangu amesimama mlangoni, nimewasha pikipiki.

Nikiwa njiani nilinunua kaye, daftari la kurasa 48 lenye mistari. Nilimpa yaya na nikamwomba radhi. Nikamwambia aandike kila kitu tangu anapofinya buto ya kuwasha, hata kile anachoona hakina maana, na yale ya Kiingereza ayanakili herufi kwa herufi. Alifanya kazi hiyo zaidi ya nilivyoomba. Ukurasa mmoja ninao hapa:

"Siku ya tatu, 3/2/2010. Kuran ilikatika usiku saa tatu. Ilirudia saa kumi na moja. Nimefika saa moja na nusu. Nimefinya buto. Kioo nyeusi, maandiko meupe, inaomba F1. Nimefinya F1. Inazunguka. Inasimama."

Siku ya tatu kwetu ndiyo Jumatano. Chini ya maneno hayo kuna mistari ya Kiingereza kwa mwandiko wake wa masista, umenyooka, kila herufi imesimama peke yake kama imepangwa na mpiga chapa. Yaya hajui Kiingereza. Kifaransa anakijua vizuri sana. Nilipofika jioni alikuwa ameweka kidole kwenye neno moja, ananingoja.

"Iyi 'future' haiko 'futur' ya mu Kifransa? Basi mashini inasema siku yenye haiyafika?"

Nilisoma. Mstari huo nilikuwa nimeupita kila asubuhi nikikimbilia ule wa chini yake, unaosema endesha fsck kwa mkono. Mstari wa juu ulisema kwamba diski hii mara ya mwisho ilifunguliwa wakati ujao.

Inawezekanaje kitu kuwa kimefanyika kesho? Kwa njia moja tu: anayesema hajui leo ni lini.

"Yaya, F1 ni ya nini?"

Akasema hajui, aliyetuuzia mashine alimfundisha kwamba ikiomba F1 uipe. Mimi nilikuwa sijawahi kuiona, maana kila nilipofika yeye alishaibonyeza. Nikamuuliza tena: mashine ikishaamka, tarehe yake inakuwaje? Akanitazama kwa mshangao, kama ninayeuliza ziwa liko wapi.

"Inakuwaka 2002. Miye natengenezaka kila mara, mbele ya kuandika resi ya mutu."

Kila asubuhi ya namna hiyo, nikishaondoka, alitoa simu yake, akatazama tarehe, akairekebisha mashine kwa mkono. Risiti haiwezi kutoka na tarehe ya miaka minane nyuma. Alidhani ninajua. Nilikuwa sijawahi kumuuliza.

Ndani ya kompyuta, juu ya ubao wake mkubwa, kuna betri bapa ya duara kama kifungo cha koti. Kazi yake ni kuendesha saa wakati mashine haina umeme. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, hata ikizimwa, umeme kidogo unaendelea kuingia na saa inatembea. Kwa hiyo betri ikifa, mradi mji una umeme huoni kitu. Ukija usiku mzima wa giza, saa inasahau, na asubuhi inaanza upya kutoka tarehe ya kiwandani, kwetu 1 Januari 2002. Ndiyo maana ilikuwa inaomba F1: mashine ilikuwa inasema imepoteza kumbukumbu zake. Kisha Linux inaamka, inatazama diski, inakuta imeandikwa kwamba ilifunguliwa jana, Februari 2010. Saa inasema leo ni 2002. Fsck haikubali jambo lisilowezekana liingie kimyakimya, kwa hiyo inasimama na kuita mtu. Diski yangu ya kwanza ilikuwa nzima. Ya pili nayo nzima. Programu ilikuwa inafanya hasa ilichoandikiwa.

Tulifungua mashine usiku uleule, kwa tochi. Fundi wa redio wa mtaa wa Kataki alileta kipimo chake. Betri inapaswa kutoa volti 3. Yetu haikufika hata 1. Juu yake imeandikwa CR2032, na namba hizo zinaeleza umbo lake: milimita 20 upana, milimita 3.2 unene. Fundi hakuwa nayo. Alikuwa na CR2016, ya volti zilezile na upana uleule, ila nusu ya unene, ikawa inacheza ndani ya kikombe chake. Yaya alichukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akaikunja na kuikunja mpaka ikawa kibao kidogo, akaikata duara kwa mkasi wake wa mialiko, akaiweka chini ya betri. Ikakaza. Mwezi uliofuata mtu akatuletea 2032 kutoka Lubumbashi, lakini kwa wiki nne saa ilitembea juu ya karatasi ya sigara bila kukosea siku.

Usiku wa tarehe 9 Februari umeme ulikatika. Asubuhi sikwenda shuleni moja kwa moja, nilikwenda kukaa na yaya. Alifinya buto. Haikuomba F1. Haikusimama. Sauti ya ngoma ya Ubuntu ikapiga, na yaya akapiga makofi mara moja, akavuta kaye, akaandika tarehe na neno moja: "Muzima."

Dishi la duka la intaneti lilikuwa limeharibika, kwa hiyo sikuweza kujibu ripoti hadi Jumamosi tarehe 27 Februari, zikiwa zimebaki wiki mbili na siku chache ijifunge. Safari hii niliandika nyumbani kwanza, kwa kalamu. Niliandika maneno ya kioo jinsi yaya alivyoyanakili. Niliandika usiku gani umeme ulikatika na usiku gani haukukatika, na asubuhi iliyofuata ilikuwaje, mara kumi na moja, bila hata moja kuvunja mpangilio. Niliandika kuhusu betri, na nikasema wazi kwamba nilichowalaumu nacho mwanzoni hakikuwa kosa lao. Niliomba jambo moja: kioo kikisema kuhusu wakati ujao, kimwambie pia mtu atazame saa ya mashine, kwa sababu kwetu betri hufa na umeme hukatika, na si kila chumba kina mtu anayejua kwamba future na futur ni ndugu. Ripoti ilifungwa kama isiyo hitilafu ya programu, na hiyo ilikuwa haki. Na sikuwa mimi peke yangu mwenye ombi la namna hiyo. Programu ya kukagua diski iliwekewa mpangilio wa kuiambia isiiamini saa ya mashine, pale saa hiyo ilipo mbovu.

Mwishoni mwa maelezo yangu niliandika kwamba aliyegundua ni dada yangu mkubwa, mpiga chapa, ambaye hasomi Kiingereza.

Kaye iliendelea kukaa kando ya klavye. Mashine ile ilitufanyia kazi miaka mitatu zaidi, na diski yake ilipokufa kweli, mwaka 2013, yaya alikuwa ameshaandika wiki nzima kabla yake kwamba inatoa mlio, tik, tik, kila akifungua faili kubwa. Nilisoma mstari huo jioni alipouandika. Usiku uleule nilinakili TFC zote, hati zote na barua zote kwenye diski nyingine, na haikupotea hata moja.